Boksi la Choo na Njia Panda ya Segera

Pita Ngamiani mchana, uanzie Barabara ya Kwanza uende hadi utakapochoka kuhesabu, huku ukisoma nguzo za umeme. Ukishamaliza mganga wa mapenzi na fundi wa friji, tangazo linalofuata ni la bawasiri. Bawasiri bila upasuaji, bawasiri sugu, bawasiri ya ndani na ya nje. Chini yake ipo namba ya simu, basi. Hakuna jina la mtaalamu wala anuani, na bado wateja hawakosekani. Wangekosekana, karatasi ile isingebandikwa upya kila masika yakiibandua. Maana yake ni kwamba watu wa Tanga wanatokwa damu wakienda haja kubwa, na msaada wanautafuta kwenye nguzo.

Huku hayo yakiendelea, simu zinaingia kutoka ughaibuni. Jamaa aliyeko Marekani anasimulia kwamba amefikisha miaka 45, daktari wake akamwagizia boksi. Boksi likaletwa mlangoni, akajisaidia ndani ya chombo, akamimina dawa ya kuhifadhi, akafunga, likarudishwa maabara. Majibu akayasomea nyumbani. Anaambiwa kipimo hicho husoma vinasaba vilivyomo kwenye kinyesi na kueleza kama kuna dalili ya saratani ya utumbo mpana. Hana haja ya kuvua nguo mbele ya mtu wala kuingizwa mpira. Kisha linakuja swali ambalo nimeshalisikia barazani, kwenye daladala ya Raskazone na hata msibani: hicho kitu kwetu kitafika lini? Wenye uwezo wanauliza zaidi: je, naweza kutumiwa?

Msimamo wangu nauweka mapema. Mtu wa Tanga akitumiwa boksi hilo leo atakuwa amenunua wasiwasi kwa zaidi ya shilingi milioni moja, na kama anatokwa damu, atakuwa amenunua pia ucheleweshaji. Kipimo chenyewe ni kizuri, tena kizuri sana kwa kazi kilichotengenezewa. Ila uhakika wa kipimo chochote unategemea anayepimwa ni nani, na kesho yake, akishapata jibu, anakwenda wapi.

Kilichomo ndani

Boksi linalosemwa zaidi linaitwa Cologuard. Linatengenezwa na kampuni ya Exact Sciences, yenye makao yake Madison, jimbo la Wisconsin, na lilipata kibali cha mamlaka ya dawa ya Marekani Agosti 2014. Kanuni yake haina uchawi. Ngozi ya ndani ya utumbo hupukutisha seli kila siku, na seli hizo hutoka pamoja na kinyesi. Seli za saratani, na za vivimbe vinavyoelekea huko, hubeba vinasaba vilivyoharibika. Maabara hutafuta mabadiliko kwenye jeni iitwayo KRAS, hutazama alama za kikemikali kwenye jeni nyingine mbili, NDRG4 na BMP3, kisha huongeza jambo la tatu ambalo wauzaji hawalipigii ngoma sana: hutafuta damu. Ndiyo, ndani ya kipimo cha vinasaba kimo kipimo cha kawaida cha kutafuta damu ya binadamu kwenye choo, kile kinachofahamika kwa kifupi FIT, ambacho peke yake huuzwa kwa dola chache tu. Boksi zima ni zaidi ya dola 500.

Takwimu zake zilitokana na utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2014. Watu karibu 10,000 wa Marekani na Kanada, wenye umri wa miaka 50 na kuendelea na wasio na dalili yoyote, walipimwa kwa boksi, wakapimwa kwa FIT, kisha wote wakafanyiwa kolonoskopi, yaani kuchunguliwa utumbo mpana kwa mpira wenye kamera, ili ukweli ujulikane. Waliokutwa na saratani walikuwa 65. Boksi liliwanasa 60, sawa na asilimia 92. FIT iliwanasa asilimia 74.

Asilimia 92 ya nani?

Hapa ndipo msomaji wetu anapoteleza, na si kosa lake. Watanzania tumezifahamu habari za vinasaba kupitia kesi za watoto. Baba anakana, mama anaapa, sampuli zinapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, jibu linatoka na mjadala unafungwa. Tangu mwaka 2009 tuna hata sheria inayosimamia vinasaba vya binadamu. Kwa hiyo tukisikia neno hilo tunasikia hukumu isiyo na rufaa.

Boksi la choo halitoi hukumu ya namna hiyo. Linakisia. Saratani nane katika kila mia zililipita. Vivimbe vikubwa ambavyo bado havijawa saratani, na ambavyo vingekatwa mapema ugonjwa usingetokea kabisa, liliviona asilimia 42 tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, lakini boksi hili huupita ufa zaidi ya nusu ya safari zake na kuwa hodari ukuta ukishaanguka. Toleo jipya, lililopimwa kwa watu zaidi ya 20,000 na kuchapishwa mwaka 2024, limepandisha uwezo wa kuinasa saratani hadi asilimia 94. Kwenye vivimbe limesogea kutoka 42 hadi 43.

Tugeukie upande wa pili, wa wasio na kitu. Kati ya watu mia wasio na saratani wala kivimbe cha kutisha, boksi liliwaambia kumi na watatu kwamba limeona jambo. Kumi na watatu wanaonekana wachache mpaka ukumbuke kwamba wasioumwa ndio wengi. Ndiyo sababu, katika utafiti uleule, kati ya kila watu mia waliopewa jibu la hofu, wenye saratani kweli hawakufika wanne. Wengine kama ishirini walikuwa na vivimbe vya kuondolewa. Waliobaki, robo tatu nzima, walilala macho bure hadi kolonoskopi ilipowaambia wako salama.

Mvuvi wa Kigombe analielewa hili bila kufundishwa hesabu. Dema ni lilelile, chambo ni kilekile, lakini ukilitega kwenye mwamba usio na samaki litapanda na kaa na majani. Saratani ya utumbo mpana huku kwetu bado ni adimu kuliko Marekani. Ukiwapima kwa boksi watu wazima wa Tanga wasio na dalili, wale wanne katika mia watapungua zaidi, na idadi ya wanaotishwa bure itabaki palepale au itapanda.

Papai la Chato

Tarehe 3 Mei 2020, Rais John Magufuli akiwa Chato alilieleza taifa kwamba sampuli za papai na za mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu, na nyingine zikarudi na majibu ya kuwa na korona. Sitaki kuufufua ugomvi ule. Ninachokumbuka ni athari yake mitaani: nusu ya watu waliacha kuamini kipimo chochote cha vinasaba, nusu nyingine wakaendelea kuamini vyote. Hadi leo ukilitaja jambo hili utapata kambi mbili, ya mashine haidanganyi na ya mashine ni ya wazungu. Kambi ya tatu, ya kuuliza mashine hii hukosea mara ngapi na hukosea upande upi, ina watu wachache mno.

Na hasara yake tunaibeba kila wiki. Nani kati yetu hajawahi kuingia kwenye maabara ndogo ya mtaani akiwa na homa, akatoka na taifodi? Kipimo cha Widal kinachotumika sana ni cha zamani, tangu mwaka 1896, na wataalamu wameshasema mara nyingi kwamba peke yake hakitoshi kuthibitisha taifodi, hasa kwenye maeneo ambayo watu wameshakutana na vimelea vyake huko nyuma. Bado tunakinunua, tunanunua na dawa, na baada ya mwezi tunarudi kununua tena. Familia inayotoa pesa ya taifodi mara nne kwa mwaka ingeweza kulipia nauli ya kwenda kuonana na bingwa. Lakini jibu la haraka lina utamu wake.

Safura, joto na bodaboda

Narudi kwenye ile damu iliyofichwa ndani ya boksi. Pwani yetu ina safura, minyoo inayong'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Ina amiba. Ina watoto na watu wazima wanaohara damu mvua zikizidi. Wamarekani wa ule utafiti hawakuwa na safura ya Mkinga. Kipimo kinachotafuta damu chooni, kikiletwa mahali ambapo damu ina sababu nyingi za kuwepo chooni, kinaweza kupiga kengele hata pasipo saratani.

Joto nalo linavuta upande wa pili. Hemoglobini, ile sehemu ya damu ambayo kipimo huitafuta, huharibika sampuli ikikaa kwenye joto. Florence, Italia, ambako wamekuwa na mpango wa kupima watu kwa FIT kwa muda mrefu, waligundua kwamba wakati wa kiangazi kipimo kilikuwa kinakosa zaidi kuliko majira ya baridi. Kiangazi cha Florence! Fikiria kichupa kikitoka Moa kwa bodaboda mwezi wa Februari, kaskazi inavuma, kikisubiri kwenye benchi la zahanati hadi gari lipatikane. Boksi la Marekani lenyewe lilipewa saa 72 kutoka chooni hadi maabara, na maabara iko Madison. Kifurushi kinachotoka Tanga hakina mbio hizo, na sampuli iliyochelewa haina maana.

Daktari aliyepima vinyesi

Msomaji asidhani kwamba habari ya kinyesi cha Mwafrika na saratani imeanzia Marekani. Imeanzia hapa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Lira na kisha Mulago, Kampala, kuanzia miaka ya 1940, ndiye aliyeueleza ulimwengu habari za uvimbe wa taya za watoto unaobeba jina lake. Baadaye akazama kwenye jambo ambalo wenzake walilicheka: alipima uzito wa choo na muda ambao chakula hukaa tumboni. Wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kiliwapita kwa takriban siku moja na nusu. Waingereza walitoa karibu gramu 100, na chakula kikakaa kwao zaidi ya siku tatu. Mwaka 1971 akaandika kwamba saratani ya utumbo mpana ni nadra kwa Waafrika kwa sababu ya chakula chao chenye makapi mengi: ugali wa dona, maharage, viazi, majani.

Kuna waliompinga kwenye vipengele, na sehemu ya hoja yake bado inabishaniwa. Lakini tujiulize kwa ukweli wetu: nani Tanga bado anakula sahani ya Burkitt? Asubuhi maandazi na chapati za ngano nyeupe, mchana sembe iliyokobolewa hadi ikawa kama chokaa, usiku chipsi mayai. Mhogo wenyewe tunaukaanga. Na kumbukumbu za hospitali za Ocean Road na Muhimbili za kati ya mwaka 2005 na 2015 zinaonyesha wagonjwa wa saratani hii wakiongezeka mwaka hadi mwaka. Bado ni wachache tukiwalinganisha na wa mlango wa kizazi au matiti, lakini kuongezeka wanaongezeka.

Tena ni vijana. Wapasuaji wa Bugando, Mwanza, walipochapisha habari za wagonjwa wao mwaka 2013, wengi walikuwa na umri ambao Ulaya ungewashangaza madaktari, na wengi walifika ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Ken Okoth, mbunge wa Kibra jijini Nairobi, alifariki kwa saratani hii Julai 2019 akiwa na miaka 41. Chadwick Boseman, yule mwigizaji wa Black Panther, alikufa nayo mwaka uliofuata akiwa na 43. Boksi la choo huanza kutolewa miaka 45. Lisingemgusa yeyote kati yao.

Kushoto Dar, kulia Moshi

Tuseme hata hivyo boksi limefika, limepimwa na limepiga kengele. Nini kinafuata? Wauzaji wenyewe wameandika wazi: jibu la kengele lazima lifuatiwe na kolonoskopi. Kipimo cha vinasaba hakikati kivimbe, hakionyeshi kilipo, wala hakisemi ni saratani ama si saratani. Kinakuelekeza kwenye mpira uleule uliokuwa unaukwepa.

Na mpira huo, kwa familia nyingi za mkoa huu, maana yake ni rufaa. Unatoka mjini, unaipita Muheza, unafika Segera. Kushoto ni Dar es Salaam, Muhimbili na Ocean Road. Kulia ni Moshi, hospitali ya KCMC. Kokote utakakokunja, ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Raskazone. Tanga husifiwa kwa waja leo, waondoka leo, lakini safari hii haiko hivyo. Siku moja kabla ya kipimo unakatazwa kula, unapewa dawa ya kuharisha, unakunywa lita kadhaa na kukimbilia chooni usiku kucha mpaka yatoke maji matupu. Huwezi kufanya hivyo ndani ya basi. Unahitaji chumba chenye choo karibu na hospitali, na mtu wa kukushika mkono ukishachomwa sindano ya usingizi. Ni nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, gesti, chakula, na siku za duka kufungwa au boti kukaa ufukweni. Mama lishe wa soko la Mgandini akiondoka siku nne, wateja wake wanahamia meza ya jirani na wengine hawarudi.

Sasa zidisha gharama hiyo kwa wale robo tatu wasio na kitu. Wamekopa na kuuza mbuzi ili waambiwe wako salama, na foleni ya kolonoskopi imerefuka kwa sababu yao. Aliyemo nyuma ya foleni ni nani? Ni yule anayetokwa damu kweli. Hili ndilo linalonikera kuliko yote. Kipimo cha kifahari kwa wasioumwa, mahali penye mipira michache, huwanyang'anya nafasi wanaoumwa.

Serikali ikitaka kutumia pesa kwenye jambo hili, na tangu 2023 tuna sheria ya bima ya afya kwa wote, basi iweke mpira wa kamera na mtu aliyefundishwa kuutumia katika kila hospitali ya rufaa ya mkoa, na bima ilipie kwa mwenye dalili bila kumzungusha. Kenya iliuingiza utumbo mpana katika mwongozo wake wa uchunguzi wa saratani mwaka 2018. Kuandika ni rahisi, mipira na mikono ndiyo kazi. Mambo ya kuwapima wasio na dalili, kwa FIT ya bei nafuu, yaje baadaye, foleni ikiwa fupi.

Kidole

Jambo lenyewe tunalolikimbia lina urefu wa kidole. Sehemu kubwa ya saratani hizi katika hospitali zetu hukaa kwenye puru, karibu na njia ya kutokea, na daktari aliyevaa glavu anaweza kuzigusa nyingi kwa nukta chache, bila umeme wala maabara. Wanaume wa pwani wakisikia kidole wanacheka, wanatazamana, kisha wanahama mada. Utani wa tezi dume umeshaua hamu ya kupimwa. Wanawake nao wanaogopa kumwambia tabibu wa kiume, na mara nyingine tabibu naye anaona haya kuuliza. Hivyo mgonjwa anasema tumbo, anaandikiwa dawa ya tumbo. Anasema bawasiri, anaandikiwa ya bawasiri, na hakuna aliyetazama.

Mficha uchi hazai. Huyu mfichaji haishii kukosa uzazi tu. Anaishia na mfuko wa choo ubavuni, mifuko ya kununua kila mwezi, mwenza aliyehama chumba, na mwisho tiba shufaa ya kupunguza maumivu, kama ile ambayo Hospitali Teule ya Muheza imekuwa ikiitoa miaka mingi kwa watu waliokwisha kukosa tiba nyingine.

Nimeona pia mzunguko huu: baba wa miaka hamsini amepauka, anapewa vidonge vya kuongeza damu, anapata nafuu, anapauka tena, anaongezewa chupa. Damu inaingia mkononi bila mtu kuuliza inatokea wapi. Mwanaume anayepungukiwa damu bila sababu iliyo wazi anapaswa kuchunguzwa utumbo. Vivyo hivyo mama aliyekwisha kukoma hedhi. Vivyo hivyo mtu yeyote ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa, kikawa chembamba au cha kuchanganyika na ute na damu, au anayepungua mwili huku anakula. Boksi halikutengenezwa kwa ajili ya hao. Lilipimwa na kuidhinishwa kwa wasio na dalili. Mwenye dalili akilitumia na likamwambia hana kitu, atatulia nyumbani na ugonjwa wake.

Ombi langu la mwisho nalielekeza kwa watu ambao hawamo kwenye mjadala wowote wa vinasaba: wauzaji wa maduka ya dawa muhimu, yale yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 na sasa yapo karibu kila kijiji, kutoka Pongwe hadi Mwera. Ninyi mnamfahamu mteja wenu kwa sura. Akija mara ya kwanza kununua dawa ya bawasiri, muuzieni. Akirudi mara ya pili, muulizeni kama kuna daktari aliyemtazama. Mara ya tatu msimuuzie. Mwandikieni kwenye kikaratasi jina la hospitali, na mwambieni akifika aseme damu, asiseme tumbo.